Siku 84 hazitoshi! Ukweli kuhusu ziwa la mama na saratani ya watoto

Kama umehudhuria kicheni pati hata moja mwaka huu, iwe Mwenge, Tegeta au kule kwetu Mbagala, basi umeshayasikia haya. Somo anashika kipaza sauti, anamaliza yale mambo yetu ya chumbani, halafu anageukia ziwa. "Mwanangu, ukijaliwa mtoto mnyonyeshe, ziwa linakinga kansa." Ukumbi mzima vigelegele. Dakika chache baadaye, meza ya nyuma, shangazi mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba kunyonyesha sana ndiko kunakoleta kansa ya titi. Na kwenye gari la kurudi nyumbani utalisikia la tatu: mtoto akinyonya ziwa lenye uvimbe, kansa inamhamia yeye.

Mambo matatu, usiku mmoja, na kila msemaji ana uhakika kama daktari bingwa.

Hilo la tatu nalitupa hapa hapa mlangoni. Mtoto haambukizwi saratani kwa kunyonya. Mama anayetibiwa saratani kwa dawa kali huambiwa aache kunyonyesha kwa sababu dawa zile hupita kwenye maziwa, basi, si kwa sababu ugonjwa utamrukia mtoto. La pili ni kinyume kabisa cha ukweli. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30. Walichokuta ni kwamba kila miezi 12 ambayo mwanamke ananyonyesha, ukijumlisha watoto wake wote, inampunguzia hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3. Kwa wanawake wa Tanzania, ambao saratani ya titi ndiyo inayofuata kwa wingi baada ya ile ya mlango wa kizazi, hiyo si habari ndogo.

Limebaki la kwanza, la somo. Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike, kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ukikuzwa kupita kiasi unageuka fimbo ya kumchapia mama. Fimbo hiyo nimeiona ikitumika, na nitakusimulia. Kwanza hesabu.

WATAFITI WAMEKUTA NINI?

Swali lenyewe si la jana. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliochunguza watoto wa eneo la Denver, jimbo la Colorado, waliandika kwamba watoto waliolelewa kwa maziwa ya kopo, au walionyonya chini ya miezi 6, walionekana kupata saratani zaidi kuliko walionyonya kwa muda mrefu, hasa saratani ya tezi. Utafiti ulikuwa mdogo. Wengine wakaurudia huku na kule. Baadhi wakakuta kitu, baadhi wakatoka mikono mitupu.

Mwaka 2015 kina mama wawili wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israel, Efrat Amitay na Lital Keinan-Boker, wakakusanya tafiti 18 za namna hiyo na kuzipiga hesabu kwa pamoja. Watoto walionyonya miezi 6 au zaidi walikuwa na hatari ndogo ya saratani ya damu kwa asilimia 19, ukiwalinganisha na ambao hawakunyonya au walionyonya muda mfupi zaidi. Hata kunyonya tu, kwa muda wowote, kulipunguza hatari kwa asilimia 11.

Halafu mwaka 2024 ikaja kazi ya Denmark, na hii mimi naiamini zaidi. Kule wauguzi huwatembelea wazazi nyumbani na kuandika mtoto ananyonya nini wakati huo huo, kwa hiyo hakuna anayemuuliza mama akumbuke mambo ya miaka mitano nyuma. (Na wewe jaribu kukumbuka ulianza lini kumpa wa kwanza uji!) Walifuatilia watoto zaidi ya 309,000 waliozaliwa kati ya 2005 na 2018. Katika wote hao, 332 walipata saratani wakiwa na umri wa kati ya mwaka 1 na 14. Wale walionyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 3 au zaidi walikuwa na hatari ndogo ya saratani za damu kwa karibu theluthi moja, wakilinganishwa na wale ambao hawakufika miezi 3. Kwa uvimbe wa ubongo na uvimbe wa viungo vingine, hakukuwa na tofauti ya maana.

Miezi mitatu. Ishike hiyo namba, tutaihitaji.

Sasa twende taratibu, maana asilimia ni jambo la kudanganya. Kwa viwango vya nchi tajiri, saratani ya damu humpata mtoto 4 hadi 5 katika kila watoto 100,000 kwa mwaka. Jaza Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, viti vyote 60,000, watoto watupu. Kama hakuna hata mmoja aliyenyonya, kwa mwaka mzima utapata watatu hivi wenye ugonjwa huo. Kama wote walinyonya miezi 6, utapata wawili na ushee. Ndiyo tofauti yenyewe. Kwa mzazi wa yule mtoto aliyeokoka ni dunia nzima, lakini si ngao ya chuma kama somo anavyoitangaza.

Tena kuna jambo jingine ambalo watafiti wenyewe hulikubali. Katika nchi zile, mama anayenyonyesha kwa muda mrefu mara nyingi pia ndiye aliyesoma zaidi, asiyevuta sigara, mwenye kipato cha kutulia. Hesabu hujaribu kuyatenganisha hayo yote, lakini haiyatenganishi kwa asilimia mia. Kwa hiyo mtu makini husema ziwa "linahusishwa na" kupungua kwa hatari. Mimi naongeza la kwangu: kwa kitu ambacho hakiuzwi dukani, na ambacho tayari kinamkinga mtoto dhidi ya kuharisha na homa ya mapafu, magonjwa yanayoua watoto wetu wengi kuliko saratani, bonasi ya namna hii haikataliwi.

MAZIWA YANAFANYA NINI HUKO NDANI?

Profesa Mel Greaves wa London ameichunguza saratani ya damu ya watoto kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka 2018 aliyaweka maelezo yake pamoja. Anasema ugonjwa huu, katika aina yake iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto, huja kwa hatua mbili. Ya kwanza hutokea mtoto akiwa bado tumboni, kwa bahati mbaya tu: chembe moja ya damu inajipanga vibaya. Kama mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa nayo. Na usishtuke, kwa sababu kati ya hao wenye chembe hiyo, 99 katika 100 hawaumwi maisha yao yote.

Hatua ya pili huja baadaye, baada ya maambukizi ya kawaida kabisa, mafua au kitu kama hicho. Kinga ya mtoto ambayo haikupata mazoezi ya kutosha mwaka wa kwanza inapambana ovyo, kama mgambo aliyepewa bunduki bila kupita kozi, na katika vurugu hiyo ile chembe mbovu inaharibika zaidi. Ndipo ziwa linapoingia. Maziwa ya mama yana kingamwili zilizo tayari. Pia yana sukari za aina yake ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Unaweza kujiuliza Mungu aliziweka za nini. Kumbe si chakula cha mtoto, ni chakula cha bakteria wazuri wa tumboni mwake, na bakteria hao ndio wanaoifundisha kinga kazi.

Greaves anataja pia kuchangamana na watoto wengine mapema. Hapo uswahilini tuko mbele, jamani. Uani kwetu kuna watoto saba na mpira mmoja, na kamasi ni mali ya umma.

Kuna habari nyingine utakutana nayo ukitafuta mambo haya, nayo ni ya Sweden. Mwaka 1995 Catharina Svanborg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund waligundua kwamba protini moja ya maziwa ya mama, ikiungana na mafuta fulani, inaua chembe za saratani kwenye vyombo vya maabara. Ugunduzi mkubwa kweli. Lakini habari ilipotoka nje, baadhi ya wagonjwa watu wazima huko Marekani wakaanza kutafuta maziwa ya kina mama wayanywe kama dawa. Kilichoua chembe zile ni mchanganyiko uliotengenezwa maabara, si glasi ya maziwa. Kwa hiyo kaka, ukisikia mtu mtaani anauza "tiba ya kansa kwa maziwa ya mzazi", mpite.

FIMBO YA MAMA MKWE

Nina jirani mmoja, mtaa sitautaja. Binti yake alikutwa na saratani ya damu akiwa na miaka minne. Alianza na homa zisizoisha, wakatibu malaria mara mbili, mara tatu, mpaka damu ikapimwa vizuri. Wakati mtoto yuko wodini, mama mkwe alikuja kutoka mkoani kusaidia. Siku ya pili tu, mbele ya wageni, akasema: "Mimi nilisema. Mtoto alikatishwa ziwa miezi minne, mama kakimbilia ofisini. Haya ndiyo matunda yake." Mume alikuwepo. Alikuwa anaangalia simu yake.

Jirani yangu hakumjibu mkwewe. Alikuja kwangu usiku, akakaa jikoni, akaniuliza: "Mwenzangu, wewe unasomasoma haya mambo. Niambie ukweli. Ni mimi?"

Nilimjibu si yeye, na sikusema hivyo kumbembeleza. Hesabu ndiyo inavyosema. Hapa Tanzania zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hunyonya. Wodi za saratani za watoto haziwezi kuwa zimejaa watoto wa maziwa ya kopo, kwa sababu watoto wa maziwa ya kopo peke yake hapa kwetu ni wachache mno. Kule Denmark vile vile, wapo walionyonya vizuri kabisa na bado wakaugua. Hakuna daktari duniani anayeweza kumtazama mtoto mmoja akasema huyu ameugua kwa sababu ya ile miezi miwili iliyopungua. Ziwa linapunguza idadi katika umati. Haliwezi kutumika kumshtaki mama mmoja mmoja.

Isitoshe, tafiti hizi za ziwa nyingi zimefanywa Ulaya, Marekani na Asia, ambako saratani ya damu ndiyo inayoongoza kwa watoto. Kwetu Afrika Mashariki kuna wenyeji wengine: saratani ya tezi inayovimbisha taya, uvimbe wa figo, na saratani ya jicho. Hiyo ya taya ina historia ya hapa hapa. Daktari Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliiandika mwaka 1958, na mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili wakazunguka kwa wiki 10, kama kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewaona watoto wa namna hii? Ramani waliyoitoa ilifanana na ramani ya joto na mvua, mahali pa mbu. Mwaka 1964 kikagunduliwa kirusi kinachohusika, ambacho watu wengi hukipata utotoni kwa mate, na leo inajulikana kwamba kirusi hicho kikikutana na malaria ya mara kwa mara ndipo hatari inapopanda. Kwa hiyo kwa mtoto wa Mbagala au Bunju, chandarua nacho kimo kwenye mazungumzo haya ya saratani. Mbona mama mkwe hakuuliza nani alikichana chandarua?

KABLA HUJASEMA AMEBEMENDWA

Hapa naomba wanandoa mnisikilize wote wawili. Mtoto anayenyonya akianza kukonda, nywele zikapauka, tumbo likajaa, mtaani hukumu inatoka haraka: amebemendwa. Maana yake baba au mama "ametoka nje", au wenyewe kwa wenyewe hawakusubiri, na joto la tendo limeingia kwenye maziwa. Nimeona ndoa zikitikisika kwa neno hilo. Mume anamshuku mke, mke anamshuku mume, mtoto anakandwa na majani, wiki zinakwenda.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Hakuna njia ya kutoka kule hadi kwenye ziwa. Mkishapona na mkiwa tayari, endeleeni na maisha yenu, pangeni uzazi, na mtoto aendelee kunyonya. (Shoga yangu, na hili la kwamba ziwa likikaa juani linachacha ndani kwa ndani, nalo liache huko huko kituoni.)

Mtoto anayekonda ana sababu, na sababu inatafutwa hospitali. Mara nyingi ni lishe, minyoo, kifua kikuu au maambukizi. Mara chache ni saratani, na hiyo mara chache ndiyo isiyosubiri majani. Homa inayorudi rudi na vipimo vya malaria havioni kitu. Mtoto anapauka na kuchoka hataki kucheza. Michubuko au damu puani bila kuanguka. Tezi zinazovimba zisizouma. Maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku. Taya linalovimba na meno kulegea wakati si wa kung'oka. Uvimbe tumboni unaoushika mkono wako unapomwogesha. Usiuminye minye, mpeleke. Kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika. Na jicho: ukimpiga picha kwa mwanga wa simu, jicho moja likang'aa jeupe kama la paka, usingoje Jumatatu.

Unaanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Temeke au Mwananyamala, na kutoka huko rufaa ya Muhimbili. Huduma ya saratani ya watoto, ambayo zamani ilikuwa Ocean Road, ilihamia Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Huko Serikali inashirikiana na taasisi ya Tumaini la Maisha, ambayo daktari wa watoto kutoka Ireland, Trish Scanlan, ni mmoja wa waanzilishi wake, na matibabu ya watoto hawa hutolewa bila malipo. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu wapo wazazi wanaokaa na mtoto nyumbani wakihesabu pesa wasizonazo.

Namba za Shirika la Afya Duniani zinauma: katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, katika nchi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufika 60 ifikapo mwaka 2030. Tofauti hiyo kubwa haitokani na ziwa. Inatokana na kuchelewa kugundua, kukosa dawa, na wazazi kukatisha matibabu njiani. Binti wa jirani yangu, kwa taarifa yenu, aliwahishwa baada ya ile duru ya malaria, na mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Bado anakwenda kliniki.

SASA TURUDI KWENYE ILE MIEZI MITATU

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Piga hesabu: siku 84 ni wiki 12. Miezi mitatu haijatimia. Yaani mahali pale pale ambapo watafiti wa Denmark waliweka mstari wao, ndipo mwenzetu anapovaa viatu vya ofisini. Na hapo nahesabu kana kwamba likizo ilianza siku ya kujifungua, wakati wengi huwa wameianza kabla.

Jiografia ya jiji letu ndiyo inayomaliza. Ukikaa Mbagala, Chamazi au Kongowe na kazi iko Mikocheni, unatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Wa Bunju na Tegeta anayefanya kazi Posta hana nafuu. Mtoto anabaki na dada wa kazi au bibi, na bibi ana imani yake kwamba maziwa matupu hayashibishi na kwamba kwa joto hili la Dar mtoto lazima apewe maji. Siku ya 85, uji mwepesi. Siku ya 90, kopo.

Kitaifa tumepanda, tusijidharau. Watoto wa chini ya miezi 6 wanaonyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41 katika utafiti wa afya wa 2004 hadi 2005, wakafika 50 mwaka 2010, 59 mwaka 2015 hadi 2016, na 64 mwaka 2022. Lakini idadi hiyo hushuka kadiri mtoto anavyousogelea mwezi wa sita, na hapo anayeanguka mara nyingi ni sisi wenye vitambulisho vya ofisi shingoni. Nenda soko la Tandika uone: mama wa nyanya hana likizo hata ya siku moja, lakini mtoto yuko mgongoni na ziwa liko karibu.

Wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Saa mbili za kutoka Mikocheni hadi Mbagala na kurudi? Utaishia kwenye foleni. Ila zinaweza kutumika kwa akili. Mwenzangu mmoja alikubaliana na bosi wake aingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema. Mwingine alizigawa vipande vinne vya nusu saa, akawa anakamua maziwa kwenye chumba cha stoo chenye kufuli. Bosi mmoja niliyewahi kuwa chini yake alidhani nikamulie chooni. Nilimwuliza kama chakula chake huandaliwa huko. Tulipata chumba.

Peleka ombi kwa ofisa utumishi kwa maandishi, wiki mbili kabla likizo haijaisha, utaje sheria kwa jina na mwaka. Mdomo husahaulika.

Kukamua kwenyewe kuanze mapema, kama wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, ili mwili uzoee na friji iwe na akiba. Mikono isafishwe, chombo kiwe safi chenye kifuniko, andika tarehe. Kwenye jokofu la kawaida maziwa hukaa hadi siku 4. Kwenye jokofu la kugandisha hadi miezi 6. Nje, ukomo ni saa 4, na kwa joto letu la Januari mimi ningeyawahi mapema zaidi, au yakae kwenye kontena lenye barafu. Umeme ukikatika, jokofu lisifunguliwe ovyo. Kuyapasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe jikoni. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, si chupa, maana chupa ni ngumu kusafisha na humfanya mtoto asusie ziwa. Na ile kiu ya joto la Dar inakatwa na maziwa yale yale, sehemu kubwa yake ni maji.

Mama mwenye virusi vya Ukimwi naye asijitoe kwenye mada hii. Akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, anashauriwa kunyonyesha maziwa yake pekee miezi 6 ya kwanza kama mwingine yeyote, kisha aendelee kwa maelekezo ya kliniki yake.

Na baba? Sheria ile inampa siku 3 za likizo ya uzazi, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3, ndugu zangu, hata kitovu hakijadondoka. Lakini kazi kubwa ya baba haimo kwenye hizo siku 3. Iko siku ile mama yake mzazi anapofungua kopo la uji mbele ya mtoto wa miezi mitatu, kwa sababu mkwe hawezi kumzuia mama mkwe bila kuonekana hana adabu, ila mtoto wa kumzaa anaweza. "Mama, hospitali wamesema bado, tusubiri miezi sita." Sentensi moja, kwa heshima, ikitoka kinywani mwa mwanaume wa nyumba, inafanya kazi ambayo mabango ya kliniki hayafanyi. Usiku naye anaweza kuamka. Maziwa yaliyokamuliwa hayajui nani ameshika kikombe: ayapashe kwenye maji ya moto, ajaribu tone moja nyuma ya kiganja, amweke mtoto wima kidogo, amnyweshe taratibu. Yatakayobaki kikombeni asiyarudishe kwenye friji.